Nilimimina Mafuta Yale kwa Mikono Yangu

Nina miaka hamsini na miwili. Ninaishi Baraka, nina mashine ya kusaga mihogo, nina binti mmoja, na sina mume. Msinionee huruma kwa hilo la mwisho! Mume nilikuwa naye, na mpaka leo yuko hai, ananenepa, anasalimiwa barabarani na watu wasiomjua. Mngemjua kama mimi ninavyomjua, msingempa hata maji ya kunawa mikono.

Lakini sikushika kalamu ili nimtukane yeye peke yake. Katika habari hii kuna mtu mwingine ninayemdharau zaidi yake. Someni tu, mtamwona.

Mimi ni mzaliwa wa Mboko, pale barabara ya Uvira inapopita karibu na ziwa. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo sana, nikalelewa na Papa. Papa alikuwa fundi. Ujana wake wote aliutumia kutunza mashine za kiwanda cha pamba, na kiwanda kilipofungwa, alinunua injini moja ya dizeli iliyokuwa imeachwa ikiliwa na kutu. Ilikuwa ya silinda moja, yenye gurudumu zito la chuma, ya kuwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono. Akaitengeneza mpaka ikalia. Akaifunga kwenye kinu cha kusaga. Mihogo yote ya Mboko ilipita mikononi mwake ikawa unga!

Watoto wengine walikua karibu na jiko la mama yao. Mimi nilikua karibu na injini ile.

Papa hakuwa mtu wa kutia mafuta yoyote tu. Alitaka mafuta ya injini ya dizeli, mazito, namba arobaini, katika bidon, yaani dumu, ambayo kizibo chake hakijaguswa tangu kiwandani. Yale mepesi ya magari madogo aliyaita maji ya kunawia uso. Aliniambia kwamba gari linapata upepo wa barabarani, lakini injini ya kinu inasimama palepale kutwa nzima, kwenye joto la kwetu, ikimeza vumbi la mihogo. Mafuta mepesi yatakimbia, alisema, na chuma kitabaki kinagusana na chuma.

Kila siku ya kazi alichora mstari mmoja wa chaki ukutani. Mistari kumi na miwili ikitimia, alizima! Hata kama akina mama wamepanga mabeseni mpaka barabarani, alizima. Akamwaga mafuta machafu injini ikiwa bado ya moto, ili uchafu utoke nayo, kisha akatia mapya. Kwetu kazi hiyo tunaiita vidange.

Alinifundisha kuyasoma mafuta kwa vidole. Weusi peke yake si ubaya, alisema, maana mafuta yanayofanya kazi hubeba uchafu. Ubaya ni yakiteleza mepesi kama chai. Ubaya ni ukisikia mchanga kati ya vidole. Ubaya ni yakinuka kuungua.

Nilipofika miaka kumi na minne, nilikuwa naijua injini ile kuliko mwanaume yeyote wa Mboko. Kumbukeni hilo, maana bila hilo hamtanielewa.

Basi, kati ya vita ya kwanza ya kwetu na ile ya pili, akaja Asukulu.

Alishuka kutoka Uvira akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, na mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu nne. Kalamu nne! Mtu ambaye sikuwahi kumwona akiandika hata barua! Alijiita Enjenia. Alisema amefanya kazi katika gereji kubwa. Miaka mingi baadaye nilikutana na mwenye gereji hiyo, nikamuuliza, akacheka mpaka akashika ukuta. Asukulu alikuwa anaosha magari...

Lakini wakati ule nani angeniambia? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mikono yangu inanuka dizeli, wasichana wenzangu wote wameolewa. Akanitazama, akaniambia nina macho mazuri. Ningefanya nini? Nilianguka kama gunia.

Papa hakumpenda, ila hakunikataza. Tukaoana. Sokoni wakaanza kuniita Madame Enjenia, nami nikaanza kutembea polepole ili waliochelewa kunisalimia wapate nafasi. Naona haya hata kuandika.

Macho ya Papa yalikuwa yameanza kuzibwa na ukungu, kwa hiyo mume wangu akachukua usimamizi wa kinu. Usimamizi wake ulikuwa kukaa kwenye kiti mlangoni na kuwaambia akina mama wasipige kelele. Siku ya tatu tu akaona chaki ukutani.

"Papa," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "hii kazi ya kuchora-chora ku ukuta ni ya bazee ya zamani. Mafuta haiozake! Ikipunguka, unaongeza kidogo. Njo vile tu."

Papa alimjibu taratibu, kwa heshima ambayo mtu wa kwetu anampa mume wa binti yake. "Mukwe wangu, ni kweli mafuta haiozake. Lakini inachokaka. Ikichoka, chuma inakula chuma."

"Inachoka!" Asukulu akawageukia akina mama. "Bamama, munasikia? Mafuta iko na miguu! Inatembea, inachoka!"

Wakacheka. Kilio cha mashine na kicheko chao, mlango mzima ukajaa kelele.

Na mimi nilicheka... Nilicheka kwa sauti, ili mume wangu aone niko upande wake. Papa aligeuza kichwa kuelekea kwangu. Hakuniona vizuri kwa macho yale, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Tangu siku hiyo hakusema tena neno kuhusu mafuta. Mvua ilipopiga ukuta na kufuta chaki, hakuna aliyechora tena.

Hivi ninyi mnaosoma, hamjawahi kumcheka mtu mnayejua kwamba anasema kweli, kwa sababu tu anayemdhihaki ndiye mnayelala naye?

Vita ya pili ikaja. Wenye bunduki wakapanda barabara yote ya ziwa. Wengine wetu wakakimbilia milimani, wengine wakavuka ziwa kwenda ng'ambo, wengine tukabaki kwa sababu ya mashamba. Mitumbwi mikubwa iliyokuwa ikileta bidhaa kutoka Kigoma ikaacha kuja. Sabuni ikapotea, chumvi ikapotea, na mafuta ya injini ndiyo kabisa.

Lakini sisi tulikuwa nayo! Papa alikuwa ameweka bidon tatu chini ya kitanda chake, zimefungwa, hazijaguswa. Vita ya kwanza alizifukia katika shamba la mihogo, akaja akazifukua salama. Alisema hizo zitatuvusha mpaka amani.

Siku moja Asukulu akasema chini ya kitanda si mahali pa kuweka mali ya kampuni. Kampuni! Kinu kimoja na mkanda wenye viraka! Akazibeba bidon zote tatu akaziweka katika chumba chetu, nyuma ya magunia. Papa akanyamaza, nami nikanyamaza.

Wiki iliyofuata, mume wangu akarudi kutoka Baraka amevaa koti la ngozi. Mnajua joto la Mboko? Watu wanatafuta kivuli, yeye anatembea barabarani na koti la ngozi limefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho linamtiririka kama aliyetoka ziwani! Alisema amepewa na rafiki. Rafiki gani, katika vita, anagawa makoti ya ngozi? Sikuuliza. Nilimwambia limempendeza.

Miezi ikapita. Mafuta ndani ya injini yalikuwa yaleyale, yakipungua anaongeza, yakipungua anaongeza. Nilipochovya kidole, yalikuwa mazito na yenye chenga kama uji uliolala. Sauti ya injini ikawa na mkwaruzo. Moshi ukabadilika, ukawa wa buluu. Nikamwomba mume wangu jikoni, tukiwa wawili, kwa sauti ya chini nisimwaibishe, kwamba tufanye vidange. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Akakasirika kidogo, halafu akaleta bidon moja. "Tia wewe," akasema. "Miye siwezi kuchafua koti."

Niliposhika kizibo, nilijua. Kilikuwa kimezungushiwa nta ya mshumaa ili kionekane hakijafunguliwa. Nikafungua. Nikamimina kidogo kiganjani. Yalikuwa mepesi, meusi-meusi, yamechujwa kwa kitambaa, na yalinuka harufu mbili: harufu ya kuungua, na chini yake harufu ya mawese. Mawese! Mafuta ya kupikia sombe, kisamvu chetu, ndani ya injini ya Papa!

"Asukulu, hii ni mafuta gani?"

"Ni ya kisasa. Ya Ulaya. We unajua nini ya Ulaya?"

Alinitazama usoni, mimi nikamtazama koti. Tukaelewana bila kusema. Bidon za Papa zilikuwa zimekwenda kwa dereva fulani wa Baraka, kama nilivyosikia baadaye, na mahali pake alikuwa amejaza takataka iliyomwagwa kutoka injini za watu wengine, akaongeza mawese ili ijae.

Ningeweza kutoka nje na kupiga kelele. Ningeweza kuacha kinu kimezimwa na kusema hakuna mafuta. Ningeweza kumwita Papa tu, hatua kumi kutoka pale, akiwa amekaa juani.

Nikamimina yote... Kwa mikono yangu hii inayoandika, nikamimina mpaka tone la mwisho, nikafunga kizibo, nikapangusa kwa kitambaa kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Kwa nini? Kwa sababu ningesema, sokoni wangeacha kuniita Madame Enjenia. Hiyo ndiyo sababu! Sina nyingine.

Injini ilidumu siku mbili.

Wenye bunduki walikuwa wamekaa shuleni, na kinu chetu ndicho pekee kilichokuwa kinasaga sehemu ile. Asubuhi hiyo walileta magunia ya mihogo mingi, wakasema wanasafiri mchana, wanataka unga wote kabla ya kuondoka. Injini ikaanza vizuri. Gunia la tatu, ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama mtu anapiga mlango kwa nyundo. Nilikimbia kuizima. Sikuwahi. Kitu kilikatika ndani kwa mlio ambao bado nausikia, gurudumu likasimama ghafla, mkanda ukaruka ukapiga ukuta. Ubavu wa injini ukapasuka, na mafuta yakatoka chini, yakatambaa sakafuni kwenye unga.



Mkuu wao akaingia. Alikuwa kijana, mpole wa maneno, na upole ule ulitutisha kuliko matusi. Alitazama injini, akatazama unga uliochafuka, akauliza:

"Nani anatiaka mafuta ku hii moteur?"

Akaigusa injini kwa ncha ya kiatu.

"Ninauliza mara ya pili. Mulifanya hivi makusudi, basikari bangu balale njaa? Nani anatiaka mafuta?"

Mume wangu, Enjenia mwenye kalamu nne, alirudi nyuma hatua moja. Halafu akanyoosha kidole kupita bega langu, kuelekea mlangoni alikosimama Papa.

"Ni Muzee," akasema. "Muzee njo anachungaka mafuta. Miye ni mutu wa makaratasi tu."

Mutu wa makaratasi! Mwaka mzima Enjenia, na siku injini inapouliza habari zake, ni mutu wa makaratasi!

Niligeuka nikamtazama. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya lile koti. Niliona kwamba nikisema neno moja, watamchukua yeye. Au watanichukua mimi. Mtoto akacheza tumboni. Nikafungua mdomo... nikaufunga.

Papa alisogea polepole, akipapasa ukuta, mpaka kwenye injini. Akainama, akachovya kidole katika mafuta yale sakafuni, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Aliponyanyuka, aligeuza uso upande wangu, kisha upande wa yule mkuu.

"Ni miye," akasema. "Miye njo nilitia."

Wakamtwika mzigo wa risasi kichwani, mzee asiyeona vizuri, wakamfunga kamba kiunoni na wengine waliokamatwa njiani. Wakaondoka naye kuelekea Fizi, na zaidi ya Fizi, njia ya Lulimba kwenye machimbo. Sikulia kwa sauti. Hata kulia niliogopa!

Na mume wangu? Alisema anakwenda kumtafuta chifu ili amwombee Papa. Akafunga vifungo vya koti, akatoka. Mchana huohuo mama mmoja anayeanika dagaa alinijia, akasita kidogo, akaniuliza kwa nini sikwenda na bwana yangu. Kwenda wapi, nikamuuliza. Akasema amemwona akipanda mtumbwi wa watu wanaovuka ng'ambo, amekaa katikati, amejifunika nguo kichwani kama mgonjwa.

Nilitembea kwa miguu mpaka Nundu kwa shangazi yangu, na tumbo lile. Huko nikamzaa binti yangu, Riziki.

Papa alirudi mtoto akiwa na miezi miwili. Watu walimleta kwenye kitanda cha miti. Wenye bunduki walikuwa wamemwachia njiani alipokuwa hawezi tena kubeba. Miguu yake ilikuwa imeoza mpaka kifundo, kifua kinapiga filimbi. Kwenye kituo cha afya hakukuwa na dawa, kulikuwa na muuguzi mmoja mwema na maji ya chumvi.

Nilimwosha. Nilimlisha. Na siku ya pili akaniuliza, macho yamefumba:

"Ile mafuta ilikuwa na mawese. Bwana yako alitiaka bure vile, ukiwa wapi?"

Wasomaji, hapo ningeweza kudanganya. Alikuwa amenipa uongo mzima tayari, kilichobaki ni kuitikia! Papa alikuwa ameamini miezi yote hiyo kwamba amejitoa kwa ajili ya binti asiyejua kitu.

"Haiko yeye alitia, Papa," nikasema. "Ni miye."

"Hukujua."

"Nilijua. Nilisikia harufu. Nilitia nikijua."

Kisha akasema, polepole sana, "Nilizani unaogopa askari. Kumbe ulianza kunyamaza kabla ya askari kuja." Akageuza uso kwenye ukuta.

Kesho yake aliomba nimpe mtoto. Akampapasa uso, masikio, vidole, akamrudisha. Hakunilaani. Hakuniambia amenisamehe. Usiku huo akafa, na neno lile lilikuwa la mwisho aliloniambia kuhusu jambo hilo.

Mmemwona sasa mtu ninayemdharau zaidi?

Nilivuka ng'ambo na mtoto mgongoni. Miaka ya kambi ya wakimbizi nilifanya kazi kwenye kinu cha watu, nikajifunza hiki Kiswahili ninachowaandikia. Amani ilipotulia kidogo nikarudi, nikakaa Baraka, na baada ya kulima na kuuza mihogo miaka mingi, nikanunua injini yangu mwenyewe. Vidange nafanya mimi. Kizibo nafungua mimi, nanusa mimi.

Asukulu naye akarudi. Alikuja na wazee wawili wa kanisa lake, amevaa tai, ana mke mwingine na tumbo la heshima. Akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Akasema, "Mama Riziki, tusamehane. Ni vita njo iliharibu byote."

Niliinuka. Nilikuwa nimengoja maneno hayo, na nilipoyasikia nilishangaa jinsi yalivyo mepesi.

"Vita haikuuza bidon tatu ya Papa," nikamwambia. "Vita haikuvaa koti. Kidole kilikuwa chako, na kimya kilikuwa changu. Kwa kunikimbia, nilishakusamehe, ulinipunguzia mzigo. Kwa kile kidole, usiniombe mimi. Kaburi iko Nundu. Barabara iko wazi. Nenda uombe pale."

Wazee wale wakatazama chini. Mmoja alimgusa Asukulu mkono, akamwuliza kama ni kweli. Asukulu akarekebisha tai yake. Alisema atakwenda Nundu. Ni miaka sasa. Hajakwenda! Nundu si mbali, magari yanapita kila siku, lakini mtu yule hata haya yake anataka abebewe na mwingine.

Basi, ndugu zangu mlio na pikipiki, na mitumbwi ya injini, na vinu, nisikilizeni. Msinunue mafuta kwa sababu bidon inang'aa. Ulizeni injini yenu inataka yapi, tazameni kizibo, tieni kidole, nuseni. Msiongeze juu ya uchafu mkasema mmefanya vidange. Hesabuni siku zenu za kazi, na zikitimia, zimeni. Na mtu akiwaambia mafuta hayachoki, mwombeni awaonyeshe mikono yake, mtazame kama imewahi kufanya kazi.

Na ninyi dada zangu... Nawaomba kwa machozi. Msicheke ili kumpendeza mwanaume anapomdhihaki baba yenu. Ukijua jambo, liseme siku hiyohiyo, mbele ya wote. Watakuchukia, watakuita mjuaji, mume atalala amekupa mgongo. Hayo yote yanapita, mtapika na kula pamoja tena.

Mimi Papa yangu sitakula naye tena.